Jicho Moja la Wanja

Kabla sijaanza, naomba mnivumilie kwa mwandiko huu. Herufi zangu huinamia kushoto kama watu wanaosikiliza mlangoni, na kalamu niliyo nayo hunywa wino mwingi kuliko unaofika kwenye karatasi. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu wangu alisema naandika kama mtu anayelima juu ya mawe. Basi naenda polepole, nanyi nendeni polepole pamoja nami.

Kuhusu kuendeleza maneno, afadhali niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa bara. Kwetu, l na r ni ndugu wa tumbo moja, wanakula sahani moja na kuazimana kanzu. Mkikuta mahali nimeandika kwamba mimi ni mtu wa bala, someni bara, ingawa mama mwenye nyumba wetu atawaambia kwamba yote mawili ni kweli. Na jambo hili la l na r si mzaha. Nusura limvue mtu ukwini.

Tulikuwa tumepanga chumba Temeke, mama yangu na mimi, katika nyumba ya mama mmoja ambaye mtaa wote ulimwita Bi Mkubwa. Jina lilimfaa. Akikaa kwenye kiti, kiti hakionekani tena, na mgeni hudhani amekaa hewani kwa dawa. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mashamba ya mihogo bila kuinua kidevu. Na alikuwa Kwini wa chama cha lelemama.

Kwa wasomaji wa bara wasioijua, lelemama ni ngoma ya wanawake wa pwani. Wanasimama mstari mmoja wamevaa sare, wanagonga pembe za ng'ombe kwa vijiti, wanayumba kidogo tu kama watu walioshiba, na kwa midomo wanawatukana wanawake wa chama kingine kwa nyimbo tamu sana, mpaka anayetukanwa anasahau kukasirika. Mama yangu ni mtu wa kanisa. Mara ya kwanza alipowasikia alidhani ni nyimbo za dini, akaitikia amina kwenye tusi baya kuliko yote. Mpaka leo wanamheshimu kwa hilo.

Kwini husimama katikati, hatua moja mbele ya wenzake, amejifunga mkanda wa satini nyekundu begani mpaka kiunoni. Na huo mkanda ndio uliokuwa mashakani. Wanachama walikuwa wameanza kunung'unika kwamba Bi Mkubwa anachoka. Katikati ya ngoma pumzi inamwisha, anamwegemea aliye karibu, na aliye karibu naye anamwegemea mwingine, mpaka mstari wote unalala upande mmoja kama migomba baada ya upepo. Walikuja barazani kwake, wakanywa kahawa yake, wakamwambia hivi: tutacheza na Kinondoni hapa kwetu, na tukishindwa safari hii, mkanda uende kwa mwingine. Mwingine mwenyewe alikuwa amekaa palepale, bibi harusi wa juzi mwenye kiuno chembamba, anatafuna kashata za Bi Mkubwa na kuangalia chini kwa adabu.

“Sawa,” alisema Bi Mkubwa. “Mmeshiba? Basi nendeni.”

Walipoondoka alikusanya vikombe vya kahawa. Kisha akachukua kopo la biskuti alimoweka sindano zake, akalitazama. Kwenye mfuniko palikuwa na picha ya Kwini wa Ulaya, na taji na mkanda wa buluu.

“Shoga,” alimwambia rafiki yake, “huyu anacheza ngoma gani?”

Rafiki yake huyo alikuwa mwanamke mkavu kama ukuni, aliyeuza vitumbua na maneno. Vitumbua vilikuwa vitamu.

“Hachezi. Anapunga mkono.”

“Anapunga mkono tu, na picha yake iko kila nyumba mpaka kwenye sindano zangu. Mimi nimeimba miaka yote hii, picha yangu iko wapi?”

“Wewe hutoshei kwenye mfuniko.”

“Basi nitafutiwe ubao.”

Akaniita. Mimi ndiye niliyekuwa nimechora kwenye mlango wa choo cha uani picha ya mtu aliyejishika tumbo, ili wageni wasiojua kusoma wasikosee wakaingia jikoni. Bi Mkubwa alisema aliyemchora yule mwenye tumbo anajua uchungu wa binadamu, kwa hiyo ndiye atakayemchora yeye. Picha itatundikwa kwenye uwanja siku ya ngoma, Kinondoni waione kabla hawajashuka kwenye lori lao, matumbo yawaume.

Rangi nilipata kwa mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kupaka nyumba za serikali. Serikali ina rangi mbili. Kuna kijani cha milango na kuna nyekundu ya mabati, ile inayofanana na kutu. Nyeupe nikachukua chokaa. Nyeusi nikakwangua masizi ya taa, nikachanganya na mafuta ya nazi, na mambo ya mafuta ya nazi nitayasema. Ubao ulikuwa wa sanduku la chai, uliopigwa misumari na mjomba mwenyewe, mrefu kama mlango wa banda la kuku.

Sasa tatizo. Mimi nina haya. Si haya za kujidai wanazokuwa nazo watu wanaotaka kubembelezwa. Haya zangu ni za kweli, mtu akiniangalia mkono unakauka. Siku ya kwanza Bi Mkubwa alikaa uani mbele yangu amevaa vyote, mkanda na mapambo na kikuba cha asumini kifuani, akanikazia macho mawili kama polisi. Nilishindwa kuinua uso. Alasiri yote nikachora nilichoweza kukiona nikiwa nimeinama.

Alikuja kutazama. “Kiti hiki ni cha nani?”

“Chako, Bi Mkubwa.”

“Nimeitambua miguu yake. Mimi niko wapi?”

“Bado sijafika.”

Shoga yake alicheka mpaka vitumbua vikaungua.

Ndipo nilipopata wazo, au tuseme haya zilinipatia. Chama kilikuwa na banda lao nyuma ya uwanja, la makuti, limezibwa kwa majamvi, ambamo walivaa kabla ya kutoka kucheza. Walivaa kamili hata siku za mazoezi, kwa sababu Bi Mkubwa aliamini kwamba sauti haitoki kwenye nguo za jikoni. Na kazi ya kumvalisha Bi Mkubwa ilikuwa ndefu, tena wakati wote huo alikuwa amekipa kioo uso na dunia mgongo. Nikasema, kama ningeweza kukaa mlangoni mwa banda, nyuma yake, angekuwa hanioni, nami ningechora.

“Mwanamume kwenye banda la wanawake?” alisema shoga.

“Huyu si mwanamume,” alisema Bi Mkubwa. “Huyu mpangaji.”

Basi nikakaa mlangoni na ubao wangu, na kila walipojifunga kanga upya waliniambia nitazame nje, nami nilikuwa nimeshatazama nje kabla hawajasema. Humo ndimo nilimojifunza kazi inayofanyika kabla ya ngoma. Sisi watazamaji huona mwanamke anatokea, ananukia, anang'aa, tukadhani amezaliwa hivyo. Hatuoni shoga yake akiwa amepiga goti mgongoni pake anavuta mkanda kwa meno. Hatuoni miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi kwa sababu imevimba. Bi Mkubwa alikuwa na pini za nywele mdomoni, kwa hiyo alizungumza kwa pua, na mazungumzo yao yalikuwa haya:

“Vuta.”

“Nimevuta.”

“Vuta kama mwanamke, usivute kama mgonjwa.”

“Nikivuta zaidi utatokea upande wa pili, tuwe na wawili. Na mmoja chakula chake hakitoshi.”

Kisha, mwisho kabisa, wanja. Bi Mkubwa alisogea kwenye kioo kilichotundikwa nguzoni, akavuta kope kwa kidole kidogo, akapaka jicho la kushoto polepole sana. Baada ya hapo alipumzika kabla ya jicho la pili. Alikaa akijitazama, jicho moja la Kwini, jicho moja la mama wa nyumbani aliyechoka. Alifanya hivyo kila mara, na sijui alikuwa akijiambia nini. Hapo ndipo nilipomchora.

Nilichora siku zote za mazoezi. Mgongo ulichukua ubao karibu wote, kwa rangi ya mabati ya serikali. Kanga ikawa ya kijani cha milango. Kisogo kikawa masizi na mafuta ya nazi, na hapa niseme kwamba mafuta ya nazi hayakauki. Mpaka leo ukigusa kisogo hicho unachafuka, na nzi wawili waliotua humo hawakuondoka. Watu wengine wanadhani ni pini. Uso niliuchora ndani ya kioo, mdogo, na kwa jicho lililopakwa Bi Mkubwa alinipa wanja wake mwenyewe. Juu ya kioo palikuwa na pembe yake imetundikwa kwenye msumari. Niliichora pale ilipokuwa.

Alipoiona imekwisha, aliizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

“Umenichora mgongo.”

“Uso uko kwenye kioo, Bi Mkubwa.”

“Uso kama bamia, mgongo kama ghala. Shoga, hivi mgongo wangu ndivyo ulivyo?”

“Hapo amekuficha,” alisema shoga. “Amekuhurumia.”

Nilidhani atanipiga na ubao. Lakini alisimama sana mbele ya ule uso mdogo, akaugusa karibu na jicho lisilo na wanja, kisha akasema, “Kila mtu ameniona nikicheza. Acha waone na kazi yenyewe.” Akaongeza, “Sasa andika maneno. Kwini wa kopo ana maneno chini yake. Andika kwamba mimi ni fahari ya Temeke.”

Nikaandika, kwa herufi kubwa, kwa chokaa, juu kabisa ya ubao, kazi ya asubuhi nzima. Sasa angalieni jinsi bala inavyokuja bila kubisha hodi. Bi Mkubwa alisoma chuoni, anajua herufi za Kiarabu vizuri, anasoma barua ya mtu yeyote; lakini hizi za shuleni kwetu kwake ni nyayo za kuku. Shoga yake hasomi chochote isipokuwa nyuso za watu. Ikabaki mama yangu, ambaye amesoma misheni. Mama alikuja, akafuta miwani, akasoma kwa sauti mbele ya wote. Alisema fahari, au alisema fahali. Kwetu hakuna anayeweza kuapa. Wote wakaridhika. Ubao ukafunikwa kwa shuka kusubiri siku yake.

Siku ya ngoma ilipofika, Kinondoni walikuja alasiri kwa lori la mchanga, wameimba njia nzima, na walipoteremka walikuwa na mchanga kwenye marinda mpaka kwenye meno. Kwini wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye jino la dhahabu, na alilitumia jino hilo kama wengine wanavyotumia taa. Uwanja ulijaa. Katika ngoma zetu hakuna mwamuzi wala kikombe. Vyama viwili vinasimama huku na huku, na watu huhama wenyewe. Jua likizama, chama chenye watu kimeshinda, kilichobaki na mbuzi na watoto kimeshindwa.

Mimi na mjomba tuliitundika picha kwenye nguzo mbili mbele ya banda, tukavuta shuka. Kisha nikakimbilia nyuma, kwenye nafasi yangu mlangoni mwa banda, kwa sababu sikutaka kuonekana na mtu. Ndani, Bi Mkubwa alikuwa amemaliza jicho la kushoto.

Nje ikasikika fimbo ikigonga ubao. Kisha kicheko cha mtu mmoja. Kisha kicheko cha uwanja mzima.

Shoga alitoka kutazama akarudi amekunja kanga mkononi.

“Wanacheka nini?” aliuliza Bi Mkubwa, pini mdomoni.

“Kuna karani mmoja huko, mwenye suruali fupi na soksi ndefu. Anawasomea watu ubao wetu kwa fimbo kama mwalimu. Anasema umeandikwa ng'ombe.”

Bi Mkubwa hakugeuka. Alinitafuta ndani ya kioo, na mara ya kwanza tukaangaliana, mimi na yeye, kupitia kioo.

“Mwanangu, uliandika nini?”

“Fahari, Bi Mkubwa.”

“Sema tena polepole.”

“Fahali.”

“Sasa sema dume la ng'ombe.”

“Fahali,” nilisema, na hapo ndipo nami nilipojisikia.

Bibi harusi mwenye kiuno chembamba alikuwa kwenye kona, ameshika pembe yake, na nakuapieni hakucheka, lakini aliuangalia ule mkanda mwekundu kama mtu anavyoangalia chungu kilicho jikoni. Wengine walianza kusema kwa pamoja. Mmoja alisema ubao uteremshwe. Mwingine alisema chama kimeaibishwa na watu wa bara. Mwingine akasema jambo baya zaidi, kwamba juu ya kichwa cha Bi Mkubwa pana pembe. Na ilikuwa kweli. Ile pembe ya msumarini, kwa jinsi nilivyoichora juu tu ya kioo, ilikuwa imemwota utosini. Mtu yeyote angesema nimekusudia.

Niliomba rangi na brashi nikarekebishe l iwe r. Mguu mmoja tu wa kuongeza. Hakuna aliyenisikia, maana Kinondoni walikuwa wameshaanza kuimba, na wimbo waliutunga papo hapo:

Temeke wana zizi, tumekuja na ndoo,
kamueni tuonje, maziwa yako wapi?

Watu walipiga makofi. Tukasikia miguu yao ikihama kwenda upande wa pili. Kama hamjawahi kusikia uwanja ukihama mkiwa ndani ya banda, ni sauti kama ya mvua inayoondoka kwenye paa lako na kwenda kwa jirani.

Bi Mkubwa alitema pini moja baada ya nyingine kwenye kiganja cha shoga. Mimi nilingoja anilaani. Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. Alikuwa anasikiliza maneno, kama fundi anavyosikiliza cherehani ya mwenzake.

“Shoga,” alisema, “wamesema ndoo?”

“Wamesema ndoo.”

“Na maziwa?”

“Na maziwa.”

“Fahali ana maziwa?”

Uso mkavu wa shoga ukapasuka kwa furaha kama fenesi lililoiva.

“Wajinga hawa,” alisema Bi Mkubwa. “Wametoka Kinondoni na ndoo kuja kumkamua dume. Nipeni pembe yangu.”

“Jicho lako la kulia,” alisema shoga. “Hujalipaka.”

“Hakuna wakati.”

Akatoka hivyo hivyo, jicho moja limepakwa na jicho moja kavu, mkanda haujakazwa, anaburuta maji ya beseni, na wenzake wakamfuata kwa kuwa mstari ukishaanza kutembea hauna breki. Alipofika mbele, alisimama chini ya ubao kabisa. Watu wakamtazama yeye, wakatazama picha. Picha ina jicho moja la wanja, yeye ana jicho moja la wanja. Picha ina pembe juu ya kichwa. Yeye akainua pembe yake, akaigonga, akaiweka utosini. Nilisikia mtu akisema, “Kumbe wamepanga.” Na neno hilo likatembea uwanjani haraka kuliko moto wa makuti. Kisha akaimba:

Fahali hakamuliwi, waambieni wenye ndoo,
aliyetafuta chuchu ameambulia pembe.
Zizi hili lina mwenyewe, lori lenu lile pale,
madume wawili hawalali, panda urudi kwenu.

Sitasema watu walifanyaje, kwa sababu mimi huandika polepole na wao walifanya haraka. Karani wa soksi ndefu alijaribu kueleza kwamba kuna kosa la pili, kwamba fahali ni wa, si ya, ilipasa iandikwe fahali wa Temeke. Akazomewa, akavuliwa kofia, na kofia ikapita mikono mingi kabla ya kumrudia. Kwini wa Kinondoni alifungua mdomo kujibu, jino likawaka, lakini utamjibuje mtu aliyekubali kuwa ng'ombe? Ukimwita ng'ombe amekubali. Ukimwita si ng'ombe umemsifu. Alifunga mdomo, jino likazima.

Walirudia wimbo mpaka hata watoto waliobaki na mbuzi wakaja nao, na mbuzi wakaja.

Hapo nikaona ambalo wengine hawakuliona. Bi Mkubwa alikuwa amefika pale pumzi inapomwisha. Nilimjua kwa mabega, maana mabega hayo nimeyachora mwezi mzima. Alianza kutafuta mtu wa kumwegemea, na aliyekuwa kulia kwake ni yule bibi harusi. Angeegemea pale, mstari ungelala, na kila mtu angekumbuka maneno ya barazani. Badala yake aligeuka. Aliwapa watu mgongo, ule mgongo wa kwenye ubao, na akaanza kuuchezesha taratibu, bega hili, bega lile, bila haraka yoyote. Uwanja ukalipuka. Walidhani anaiiga picha.

Lakini uso wake sasa ulikuwa upande wa banda, na kwenye banda nilikuwa mimi peke yangu. Alikuwa anahema mdomo wazi, jasho linavuta wanja mpaka shavuni. Wenzake walikuwa wakimwimbia, naye alikuwa akichukua pumzi, kubwa kubwa, kama mtu aliyetoka kisimani na mtungi. Aliniona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu aliniangalia nami sikuinamisha uso. Akanikonyeza kwa lile jicho kavu. Kisha pumzi ilipomtosha akageuka, akainua pembe, akaimaliza ngoma akiwa amesimama kwa miguu yake.

Kinondoni walipanda lori kabla ya jua kuzama. Mkanda ulibaki begani mwake.

Nyumbani, akiwa na miguu ndani ya beseni, nilimwambia kwamba kesho asubuhi nitapanda na brashi nirekebishe ile herufi.

“Ukiigusa,” alisema, “nitakupandishia kodi wewe na mama yako na hao ndugu zako l na r.”

Shoga alimwuliza kama sasa ameridhika, maana hakuna tena wa kumvua mkanda. Bi Mkubwa alikaa akizungusha vidole vya miguu majini.

“Mwakani nitampa yule binti,” alisema. “Kiuno anacho, sauti itakuja. Nitampa mwenyewe kwa mkono wangu.”

“Si ndiyo waliyoyataka?”

“Walitaka kuvua. Mimi natoa. Huoni mbali, shoga, ndiyo maana unauza vitumbua.”

Hayo yalitokea mwaka jana. Picha iko ukumbini kwake, juu ya kopo la biskuti, na nzi wa kisogoni sasa ni watatu. Mtaa haumwiti tena Bi Mkubwa bali Bi Fahali, naye huitika. Na wanawake wa Temeke wakienda kwenye ngoma sasa hupaka jicho moja tu, hata mabinti wadogo, wanasema ndiyo mtindo, na ukiwauliza mtindo umetoka wapi wanasema Ulaya.

Lakini sikuandika haya kwa kujisifu. Nimeandika kwa sababu nina shida. Juma lililopita alibisha hodi nyumbani kwetu mwanamke mrefu mwenye jino la dhahabu. Anataka picha. Anataka ya mgongo, akijitengeneza bandani, kama ile ile, maana anasema Temeke walishinda kwa mgongo, hawakushinda kwa wimbo. Sikukataa, kwa kuwa nilikuwa nimeinamisha uso na hakuna anayeweza kukataa akiwa ameinama. Nilimshauri chama chake kijiite Simba, jina halina l wala r. Alisema ametosheka na wanyama. Anataka yaandikwe juu maneno Nuru ya Kinondoni.

Mama yangu ameshalisoma neno hilo kwa sauti, mara nyingi, na kila anapolisoma nazidi kuingiwa na mashaka. Bi Fahali anajua jibu lakini hasemi. Ameketi barazani na shoga yake, wanasubiri. Basi ninyi wasomaji mnaojua, hasa wa pwani, tafadhali niandikieni kwa njia ya Mhariri wa gazeti hili. Niambieni ni herufi gani, na nikikosea itakuwa mnyama gani. Na kama kuna maneno mengine ya namna hii yanayonisubiri njiani, mniandikie na hayo. Andikeni kwa herufi kubwa. Nasoma polepole pia.